Msumeno Niliosema ni wa Mbao

Siku yangu ya kwanza kazini Sista Mkuu hakunionyesha mgonjwa hata mmoja. Alinikalisha mbele ya karai la sindano butu, akanipa jiwe la kunolea, akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "Wewe nanoa hii mpaka mimi nasema basi." Zamani sindano haikutupwa. Ilichoma mtu, ikachemshwa, ikanolewa, ikarudi kazini. Uliijaribu kwa kuiburuta juu ya pamba: ikinasa hata uzi mmoja, ina kijino, na kijino hicho kitamrarua mtu nyama. Nyinyi vijana mnaofungua sindano mpya kwenye karatasi na kuitupa, mshukuruni Mungu, na sisi mtuonee huruma kidogo.

Hiyo ilikuwa enzi ya masetla, wale Wazungu wa mashamba makubwa, katika hospitali ndogo pale Eldoret ambayo sitaitaja jina. Kutoka sindano nilipelekwa wodini kufunga vidonda, na baadaye chumba cha upasuaji, nikawa dresa wa vyombo: kuvichemsha, kuvipanga, kumwekea Bwana Daktari mkononi. Nilitarajia kukuta vitu vya ajabu. Nilikuta nyundo, patasi, koleo, keekee ya kutobolea mfupa, na msumeno. Seremala yeyote angeingia mle akaanza kazi bila kuuliza swali. Usalama wa mgonjwa ulikuwa katika mikono ya daktari na katika uaminifu wa mtunza vyombo, na mtunza vyombo ndiye mimi.

Msumeno ule ulikuwa umechakaa. Mpya uliagizwa Ulaya, na vya Ulaya vilikuja kwa meli na kwa subira. "Hii natafuna, hapana kata," Bwana Daktari alinung'unika. Nami nikataka sifa. Jumapili moja niliuficha ndani ya koti nikaupeleka Kaptagat, kwenye kiwanda cha mbao, kwa Fundi Wanjala. Alikuwa Mbukusu aliyekuja huku kutafuta kazi, na misumeno yote ya kiwanda ilinolewa naye. Sikumwambia ni wa hospitali. Kutoa chombo nje kulikuwa kosa la kufukuzwa, na tena nilihofia angekataa kuugusa akijua umepita kwenye miguu ya watu.

"Ni ya mbao?" aliniuliza.

"Ya mbao, Fundi."

Sasa sikilizeni. Msumeno haukati kwa ukali peke yake. Meno yake hupindwa, moja kushoto, jingine kulia, ili njia iwe pana kuliko bamba lenyewe na msumeno usikwame. Mbao mbichi hutaka meno yaliyotanuka sana. Mfupa hutaka meno yaliyonyooka. Wanjala alitengeneza vizuri kabisa alichoambiwa, msumeno wa kukata mti mbichi.

Wa kwanza kuuonja alikuwa Kimutai, mkamuaji katika shamba la setla huko Kapseret, aliyepondwa wayo na gurudumu la gari la maksai. Alikuwa akatwe chini ya goti. Msumeno uliruka, ukauma, ukakwama. Bwana Daktari akausukuma kwa nguvu, na mfupa ukapasuka kwa urefu hadi gotini. Ikabidi akatwe juu ya goti. Kukamua kwao kulikuwa kwa kuchuchumaa, na mtu asiye na goti hachuchumai. Shambani hawakumrudisha.

"Nani nanoa?" Bwana Daktari aliuliza.

"Ni mkali, Bwana Daktari," nikajibu. Kweli ulikuwa mkali. Lakini nilipouosha niliona meno yalivyotanuka, nikaelewa kila kitu. Niliufunga kwenye kitambaa nikanyamaza.

Mvua zilipoanza tena, lori la mbao lilimleta Fundi Wanjala. Gogo lilikuwa limemwangukia mguuni. Tulihangaika nao siku tatu. Ya nne vidole vilikuwa vyeusi na harufu imejaa wodi nzima. Bwana Daktari akaamua kukata saa nne asubuhi, chini ya goti. Msumeno mpya ulikuwa bado baharini.

Saa mbili nilisimama mbele ya sufuria ya kuchemshia, msumeno ule mkononi. Nikinyamaza, yatampata ya Kimutai, tena kwa uongo wangu na kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Nikisema, kazi yangu imekwisha. Nikauchukua nikaenda kitandani kwake.

Aliutambua kabla sijafungua kinywa. "Dresa, hii si ile uliniletea Kaptagat?"

"Ndiyo, Fundi."

"Si ulisema ni ya mbao?"

"Nilikudanganya. Ni ya hospitali. Na leo ni zamu yako."

Nikamweleza habari za Kimutai. Nilingoja anitukane, na afadhali angenitukana. Alitazama mguu wake chini ya shuka.

"Bila goti nitasimama aje kwa benchi?" alisema. "Leta tupa. Leta jiwe. Halafu uende jikoni uniombee mfupa ya ng'ombe."

Tukamwinua kwa mito miwili. Akayarudisha meno kwa kusugua ubavu wa msumeno kwenye jiwe, upande huu, kisha upande ule, akayanoa upya kwa tupa, jasho likimtiririka. Kila alipojitikisa, mguu ulimchoma akafumba macho. Mimi nilishika bamba lisicheze. Saa tatu ikapita. Akaujaribu kwenye mfupa, ukaruka.

"Bado," akasema, akaanza tena.

Nikasikia viatu vya Sista Mkuu, na nyuma yake vya Bwana Daktari.

"Nani napa yeye hii?" Sista alifoka.

Nikasema yote, koti, Kaptagat na Kimutai. Nilipomaliza, Wanjala alikuwa akikata mfupa wa ng'ombe. Unga wake ulianguka kwenye shuka, laini kama wa wimbi. Bwana Daktari alichukua kile kipande, akapitisha kidole gumba palipokatwa.

"Chemsha," akamwambia Sista. Kisha akanigeukia. "Wewe, kesho mimi nafukuza. Leo shika mguu."

Niliushika. Msumeno ulipita bila kuruka, na goti likabaki. Kesho yake hakunifukuza. Alinihamishia Timboroa, zahanati ya chumba kimoja, na baridi ya kule iliyafundisha mifupa yangu adabu kwa miaka mingi.

Nilipostaafu, Wanjala alikuja kwangu kunywa chai, akitembea kwa mguu wa mti aliouchonga mwenyewe. Alikuwa bado anasimama kwenye benchi lake. Aliweka kikombe chini.

"Yule wa Kapseret, ulishamwambia?"

"Bado." Niliona haya. Nilikuwa nimetunza vyombo vingi vya watu, lakini ukweli wa mtu huyu niliuacha ushike kutu.

"Basi twende."

Tulimkuta Mzee Kimutai nje ya nyumba, magongo ukutani, akimtazama binti yake akikamua. Nilimweleza tangu mwanzo hadi mwisho, nikamwomba msamaha. Alimgeukia Wanjala.

"Na wewe ulikatwa na hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, Mzee. Lakini mimi niliitengeneza kwanza."

"Hebu kunja."

Wanjala alipandisha suruali, akakunja goti. Mzee Kimutai aliinama akaliangalia.

"Kunja tena," akasema.