Kipande Kilichoachwa Bila Chokaa

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Leo jirani yangu hapa Majengo anapaka chokaa. Harufu yake mbichi imenirudisha utotoni, Magamba, kwenye nyumba ya bibi. Tulikuwa na mgeni, dada mmoja Myahudi, mchoraji. Alipaka ukuta wa sebule chokaa, akachora ndege na mahindi, lakini karibu na mlango akaacha kipande cha udongo mtupu, upana wa ungo.

"Mbona hapo umeruka, mwanangu?" bibi akauliza.

"Hekalu letu lilibomolewa zamani sana, bibi. Wazee wetu waliacha kipande hivi ukutani ili wasisahau. Mimi na wachoraji wenzangu kwetu bado tunaacha."

Bibi akakigusa. "Basi na mimi hiki ni cha nyumba yangu ya Sibwesa, ile iliyochomwa tulipohamishwa kuletwa huku."

Mgeni alipoondoka, baba mdogo akaja na ndoo ya chokaa.

"Mama, nyie mliishiwa chokaa? Watu watatucheka."

"Acha! Hapo ni Sibwesa."

"Sibwesa ilishakuwa majivu," akacheka, akapaka.

Bibi hakugombana naye. Ila mpaka anafariki alikuwa akipitisha kidole pale ukutani, akitafuta ukingo.

Wewe unayesoma, kama unawafahamu wachoraji wale, naomba uniandikie. Kipande kikishazibwa na mtu wa nyumbani, kwao huwa wanakikwangua tena?