Kidevu cha Baba na Wembe wa Babu

Posa ya baba mdogo ilirudishwa kwa sababu ya kidevu cha baba. Hawakugombana juu ya mahari, wala hakuna aliyeutilia shaka ukoo wetu. Msemaji wetu alikuwa baba, na walipofika Tunduma kwa wazazi wa binti, mjomba wa binti alimtazama usoni akasahau hata kumkaribisha vizuri. “Ndugu yangu, hicho kidevu kimepatwa na nini?” Baba akasema ni wembe tu. “Wembe gani unaotafuna mtu kama panya? Nendeni salama. Kikipona, mrudi.” Nyuma ya ukuta wanawake walicheka, mmoja akasema ni kidevu cha kuku aliyenyonyolewa. Baba mdogo alitusimulia hayo yote jikoni waliporejea Mbozi, huku baba amekaa nje peke yake. Kwa wakwe wale palikuwa na posa nyingine, ya kijana wa ng'ambo ya mpaka mwenye baiskeli, nao walikuwa wameahidi kutungoja hadi mwisho wa mavuno ya kahawa tu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa binti mdogo wa kuchota maji. Baba alinyolea wembe wa kukunja wenye mpini mweusi, aliourithi kwa babu, na babu aliupata alipokuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Alinyoa kila asubuhi kabla jua halijafika uani, kwa maji ya mtungini yaliyokuwa baridi kama umande, na kipande cha sabuni ya kufulia. Bado nausikia wembe ule ukikwaruza, kama mtu anayeparura sufuria iliyoungua. Akimaliza, ngozi ilikuwa imekakamaa na kupauka, na kufikia mchana vipele vyekundu vilikuwa vimejipanga kuanzia sikioni hadi kooni. Kesho yake alinyoa juu ya vipele vilevile.

“Kaka, si ungefuga ndevu tu?” baba mdogo alimlilia. Lakini hata mimi nilijua haiwezekani. Kwetu siku zile mwanamume aliyeacha ndevu zikue alikuwa msibani, na nani angekwenda kuposa akiwa amebeba msiba usoni? Kwa hiyo ilibidi anyoe, na kila aliponyoa aliharibu.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Isongole akiwa na jibu tayari. “Wembe huu ulitunyoa vichwa sisi sote alipozikwa baba yetu. Nani aliuosha baada ya matanga? Hakuna. Sasa unataka uguse kidevu cha mtu anayekwenda kuposa?” Mama, aliyekuwa akichambua kahawa, hakuinua kichwa. “Wifi, wembe ulionyoa vichwa ulikuwa wa jirani. Mimi ndiye niliyeuazima. Mwenye kosa ni sabuni. Sabuni inayotoa tope la shambani kwenye kaptura itaacha nini kwenye shavu?” Shangazi akacheka. “Basi mnyoe wewe, wifi, kwa uji!” Niliwatazama mmoja baada ya mwingine. Wote wawili walikuwepo kwenye mazishi yale, na wote wawili walikuwa na hakika.

Yaliyofuata niliyaona yote, na ndiyo maana hadi leo yananichanganya. Alfajiri shangazi aliniamsha nimbebee kibuyu, tukaenda mtoni, akausugua wembe kwa majivu na majani machungu huku akimtaja babu kwa jina. Tuliporudi, mama alikuwa amechemsha maji. Alimkanda baba uso kwa kitambaa cha moto hadi ndevu zikalainika, akaificha sabuni ya kufulia, akampa mafuta ya nyonyo ajipake kabla na baada. Baba naye, bila kumwambia mtu, aliunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaushusha taratibu kuelekea nywele zinakolala, bila kukandamiza, wala hakurudia mahali alipokwisha kupita. Nilisimama na kibuyu mkononi. Wembe haukukwaruza.

Kahawa ya mwisho ilipoanikwa, kidevu kilikuwa laini kama goti la mtoto. Wakwe walikubali. Kwenye harusi shangazi alipiga vigelegele akitazama upande wa mama, mama akamjibu kwa vigelegele virefu zaidi, na baba akaninong'oneza, “Waache. Ni mkono wangu.”

Sasa mimi ni bibi, na mjukuu wangu ananyoa kwa kiwembe cha plastiki anachokitupa baadaye. Ana povu la kopo na krimu ya chupa, na shingo yake ina vipele vilevile. Aliniuliza baba yangu alifanyaje, nikamweleza yote matatu. “Bibi, chagua moja basi!” Nimeshindwa. Mafuta nimempa, na jinsi ya kufuata nywele nimemwonyesha. Wiki ijayo anakwenda kujitambulisha kwa wakwe zake, na anataka anyoe kwa wembe wa babu, ambao ninao kabatini. Majivu nimekwisha kuyachekecha, yako kwenye bakuli karibu na mlango. Njia ya kwenda mtoni siijui tena, na tangu asubuhi sijaamua kama niiulizie.