Kuku wa Kambarage Wenye Kamba Mguuni

Baba alipoamua kuuza nyumba yetu ya Kambarage, mama alikuwa ameshazipangia kazi hizo hela: mashine ya kusaga, aifunge kwao Ushirombo, aachane na kumwomba baba hata nauli. Kikwazo kilikuwa bwana wa kodi. Baba alisikia mjini kwamba ukiuza nyumba unayoishi mwenyewe, faida yako haiguswi. Lakini kama umeipangisha, serikali inataka fungu lake. Na sisi tulikuwa tumepangisha miaka mingi, tangu baba apate kazi mgodini Songwa na kupewa nyumba huko.

Basi wapangaji walipotoka tu, baba akakodi lori. Vitanda, masufuria, mapazia, hata picha yao ya harusi, vyote vikarudi Kambarage. Mama akabeba na kuku wake. Amri ya baba ilikuwa moja: atakayeulizwa aseme hatujawahi kuhama. Mimi aliniambia nitoe shikamoo halafu ninyamaze, maana kunyamaza ndiko nilikojaliwa. Sikubisha. Hata darasani nikiulizwa swali huwa natazama chini.

Bwana wa kodi alikuja na baiskeli, Msukuma wa makamo, mpole. Akasifu mapazia. Baba akamweleza jinsi alivyozeeka na kuta zile, kwa uchungu mpaka nami nikaanza kumwamini. Mambo yalikwenda vizuri hadi mgeni alipotoka uani kunawa.

Kuku wote walikuwa na kamba mguuni, kila mmoja na kigingi chake.

"Mama, hawa ni kuku wa hapa hapa?"

"Hapa hapa, baba. Wameanguliwa nyuma ya jiko hilo."

"Na kamba?"

Mama akawatazama kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Kuku mgeni hafunguliwi mpaka apazoee, nani asiyejua? Aliwafunga bila hata kufikiri. Akasema ni watoro. Yule bwana akajibu kwamba hata kwao kijijini kuna kuku watoro, ila si ukoo mzima. Kisha akanigeukia mimi, niliyejibanza mlangoni.

"Binti, wewe umeishi humu?"

Baba akakohoa. Nilitazama viatu vya yule bwana.

"Nilizaliwa chumba kile," nikasema. "Tulihama kabla sijaanza shule."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwambia baba kwamba hayo ndiyo angepaswa kuanza nayo: miaka tuliyoishi wenyewe haitatozwa, kodi itaangukia ile ya wapangaji tu.

Jioni baba alinung'unika. "Mimi nahamisha nyumba nzima kwa lori, wewe unaniumbua kwa kamba."

"Wangepotea," mama akasema, akikaza fundo la jogoo, "ungenilipa wewe?"

Kodi ilipokwisha kulipwa, mashine ilipatikana, iliyokwisha tumika, na kibanda chake kikaezekwa nyasi badala ya bati alilolitamani. Kuku nao walihamia Ushirombo. Tulipofika, kabla hata ya kushusha mashine, mama aliulizia kamba.