Vitoto vya Matumbawe Sebuleni kwa Bibi

Harufu ya maji ya chumvi yaliyokaa ndani ya plastiki hunirudisha mpaka leo kwenye sebule ya bibi yangu, Misugusugu, mbali kabisa na bahari. Shangazi Mwanaidi, binti yake wa mwisho, alikuwa anasomea viumbe wa baharini, na maabara yao ilipofungwa kwa matengenezo alileta nyumbani tangi lenye vigae. Juu ya vigae vilikuwa vimejishikiza vitoto vya matumbawe, kila kimoja mfano wa kichwa cha pini. Kwa kioo cha kukuzia niliona vikono vyao vyembamba.

"Vinachoma," shangazi aliniambia. "Ndiyo silaha yao."

Bibi alicheka. "Mwanangu kasoma weee, kaja kufuga mawe!"

Siku moja shangazi alikwenda msibani Kisarawe. Mchana umeme ukakatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Bati lilitoa joto kama jiko. Nilipochungulia, sikuona kikono hata kimoja.

"Bibi, vimekufa!"

Bibi alimpigia shangazi, akaweka spika.

"Havijafa, mama," shangazi alijibu. "Vimejifungia ndani ya vikombe vyao vya mawe. Vikishtuka ndivyo vinavyojilinda. Ila bila hewa havitafika mbali. Chota maji, yamimine kutoka juu taratibu, usiache. Nakuja."

Bibi akachota kwa kikombe, akamimina. Mkono ulipochoka akahamishia wa pili. Nilitaka kumpokea, akakataa, akiogopa nitamimina kwa nguvu. Adhana ya alasiri ilipolia ndipo aliponipa kikombe, akaswali upesi, akarudi. Nilisikia maji tu, na bibi akinong'ona, "Fungukeni basi, fungukeni."

Shangazi aliingia na vumbi la bodaboda usoni. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. Alishika kioo, akainama. Vikombe vingine vya mawe vilikuwa vimebaki vitupu, vyeupe. Lakini pale ambapo vitoto viwili vitatu vilikuwa vimeungana kuwa kimoja, kikono kilichomoza, kisha kingine. Akakaa sakafuni, akalia.

Bibi alikuwa anajikanda bega. Nikamuuliza mbona amehangaika hivyo kwa ajili ya mawe. Akachota maji tena, akaendelea kumimina.

Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa ameanza kuyapenda matumbawe. Siku hizi nina binti yangu, na nikimwona amekazania jambo nisilolielewa hata kidogo, ndipo ninapojua bibi alikuwa anampigania nani mchana ule.