Macho Niliyomkatia Mama

Kosa langu la kwanza katika ushonaji lilikuwa la macho. Nilikata matundu mawili kwenye shuka kabla ya kumvika mwenye kulivaa. Nilipima kwa uso wangu mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, nikaweka alama kwa penseli, nikalilaza shuka kwenye meza ya kupigia pasi, nikakata. Yalikuwa matundu mazuri, ya duara safi, kingo zake nimezizungushia uzi mweupe zisichanike. Hayakumfaa mama yangu hata kidogo.

Nimelikumbuka juzi, rafiki yangu, nilipoingia duka moja la Campbelltown kutafuta zipu. Nguo za Halowini zilikuwa zimening'inizwa tangu mlangoni, za wanawake upande huu, za vijana upande ule, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nilipapasa mshono wa joho moja la mchawi nikajua utafumuka kabla mwenyewe hajamaliza mtaa. Ningeweza kucheka. Badala yake niliogopa kama nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, nikatoka bila zipu.

Tulikaa Minto wakati huo, kitongoji cha huku ughaibuni si mbali na duka hilo, kwenye nyumba ya matofali yenye ukumbi mwembamba katikati na vyumba huku na huku. Tulikuwa wanne: Bibi, Mama, mimi, na dada, binti wa mama yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na sita na hakujibu Kiswahili hata umuulize kwa Kiswahili cha taratibu. Mwishoni mwa Oktoba mjakaranda wa jirani ulimwaga maua ya zambarau hadi kwenye ngazi zetu, na Bibi alikuwa akiyafagia huku akinung'unika kwamba mti usiozaa chakula unamchosha mtu bure. Jikoni maharage yalichemka tangu mchana. Treni ikipita, vifuniko vya sufuria vililia kidogo. Na jua lilikuwa bado juu watoto walipotoka kuomba peremende, kwa hiyo mizuka ya Minto ilitembea mchana kweupe, ikitokwa jasho, mama zao wakiifuata nyuma na chupa za maji.

Cherehani yangu niliiokota. Ilikuwa wiki ile watu wanapotoa nje vitu vikubwa wasivyovitaka ili gari la taka lije kuvibeba, nayo ilikaa kwenye nyasi kati ya godoro na kiti kisicho na mguu. Bibi alifurahi kuliko mimi. Kambini Tanzania mafundi wote wa cherehani aliowajua walikuwa wanaume, kwa hiyo hakuona ajabu mvulana kushona. Shuleni sikumwambia mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu ya Mama, nikisimamisha na kurudisha nyuma, na nilichojifunza zaidi ni kufumua. Mshono ukienda upande kwa upana wa unywele, nilifumua. Nakiri kwamba haikuwa bidii, ilikuwa hofu. Niliamini kila mshono uliopinda utamletea mtu aibu, na mtu huyo atajua ni mimi.

Sasa, Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kuitwa kwa simu, leo ipo, kesho haipo. Alitaka shifti za kudumu kuliko kitu chochote. Jioni moja alirudi, akavua viatu mlangoni, akasema kabla hata ya kukaa:

"Menija anasema siku ya Halowini wafanyakazi wote twende tumevaa. Wanataka tuwe kama mashetani."

Bibi aliweka kijiko chini. "Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sawa. Ningesema nini, Mama? Wenzangu wote wamekubali. Nikikataa mimi peke yangu, simu italia tena?"

"Mana yanje," alisema Bibi, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mimi maiti nimeziona. Sihitaji kuziona tena kwa ajili ya mchezo."

Jirani yetu Mkenya, nesi wa nyumba ileile ya wazee, alikuwa ameketi pale akila maharage yetu kama kawaida yake. Alicheka, akamgeukia Bibi. "Shosho, ni sherehe tu. Wazungu wanajitisha ndio wale peremende. Mimi nataka kuwa paka. Wewe fundi, utanishonea mkia?"

"I want to be a bat," dada alisema bila kuinua macho kwenye simu.

"Popo!" jirani akatafsiri kwa Bibi, akipiga mikono yake kama mabawa. "Anataka kuwa popo."

"Huyo anaweza," alisema Bibi. "Popo analala mchana kutwa."

Hivyo ndivyo nilivyopata wateja wangu wa kwanza. Nilikwenda Cabramatta na dada kununua kitambaa cheusi, kwenye yale maduka ambako majora husimama hadi darini na mama mwenye duka hukata kwa mkasi mrefu bila kuangalia. Mabawa ya popo niliyatoa kwenye mwavuli uliovunjika: niliupasua katikati, nikang'oa chuma, nikaacha zile pembe zinazochongoka, nikaushona kwenye mikono ya sweta jeusi la dada. Mkia wa paka ulikuwa soksi ndefu ya kike niliyoijaza pamba ya mto, na masikio nikayagandisha juu ya bendi ya nywele. Jirani alitembea sebuleni akiuzungusha ule mkia mkononi, na Bibi akalazimika kugeuka ukutani tusimwone anacheka.

Mama alitaka kitu cha kumficha uso. Aliogopa mtu atampiga picha, picha ifike kanisani. Kwa hiyo nikaamua awe mzuka wa shuka jeupe, kitu rahisi kuliko vyote. Lakini kwangu hakukuwa na rahisi. Mizuka niliyoiona kwenye video ilikuwa shuka lililotupwa tu juu ya mtu, linapeperuka ovyo. Sikuweza kuvumilia. Nililikusanya shuka juu ya kichwa nikalifunga fundo kwa utepe wa kitambaa hichohicho. Nikalibana shingoni. Nikapunguza upana chini, miguuni, Mama asijikwae, nako nikafunga utepe. Kisha nikayapigia yale mafundo mishono maradufu yasilegee akiwa kazini, la shingoni nikilibakiza nilimalizie akishavaa. Nilipomaliza nilijivunia sana. Nilidhani nimebuni.

Siku iliyotangulia sherehe, alasiri, Mama alivaa kwa mara ya kwanza. Tulikuwa ukumbini, mimi nikimvuta huku na huku, nikimalizia mshono wa shingoni akiwa ndani, sindano mkononi.

"Sioni kitu," alisema. Sauti ilitoka nzito, kama ya mtu aliye chini ya blanketi. "Macho yako kwenye mashavu."

"Inamisha kichwa kidogo."

"Nikiinamisha naona vidole vyangu vya miguu. Nitawalisha wazee nikiwa hivi?"

Nilirudi nyuma kutazama, na mlango wa chumba cha Bibi ukafunguka.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama na ufagio wake, akaliangalia lile shuka kuanzia fundo la kichwani hadi utepe wa miguuni, na uso wake ukazimika. Ufagio ukaanguka. Kisha akaita jina. Halikuwa la Mama wala langu, ni jina la mwanamume ambalo sikuwahi kulisikia ndani ya nyumba ile. Aliliita kwa sauti ndogo ya kawaida, kama unavyomwita mtu aje kula. Akateleza na ukuta mpaka chini.

Mama alilijua jina lile. Nililiona shuka likishtuka. "Mama? Mama, uko wapi?" Alinyoosha mikono ndani ya kitambaa, akageukia upande usiokuwa wa Bibi, akagonga ukuta. "Nitoe humu! Nitoe!" Nilivuta fundo la shingoni, halikulegea hata kidogo. Nilikuwa nimelishona vizuri mno. Kila alivyohangaika ndivyo kitambaa kilivyomnata mdomoni, kikaingia na kutoka kwa pumzi yake, na matundu yangu mazuri ya duara yakaning'inia mashavuni hayaonyeshi kitu. Utepe wa miguuni ulimfanya ayumbe. Nilikimbilia mkasi. Nilisimama kwanza, nikiogopa kumkata uso, halafu nikaogopa zaidi kusimama. Nilipitisha kidole chini ya kitambaa shingoni mwake ili mkasi unikate mimi kwanza, nikakata kwenda juu, sikio, kichwa, hadi fundo likaachia.

Mama alitoka akihema, nywele zimesimama, akaniruka mimi akaenda kumkumbatia mama yake sakafuni. Waliongea Kirundi haraka, kwa kunong'ona. Nilisimama na shuka mkononi. Nilichokuwa nawaza, na ninaona haya kukuambia, ni kwamba kesho Mama hana nguo, na simu haitalia tena kwa sababu yangu.

Baadaye Mama alikuja chumbani kwangu akaketi kitandani. Jina aliloliita Bibi lilikuwa la mdogo wake, kitinda mimba wa Bibi. Aliugua homa kambini. Jeneza halikupatikana, wakamfunga kwenye shuka jeupe, fundo kichwani, fundo shingoni, fundo miguuni.

"Ulikuwepo," alisema. "Ulikuwa umeshika kitenge cha Bibi njia nzima."

Ndipo nikakumbuka. Sikukumbuka mazishi. Nilikumbuka tu kitu kirefu cheupe kilichosokotwa ncha zake, na mimi mdogo nikifikiri ni peremende kubwa iliyofungwa karatasi, nikisubiri waifungue. Vidole vyangu vilikuwa vimeyatunza yale mafundo miaka yote ile bila kuniambia.

Asubuhi niliogopa kutoka chumbani. Nilipotoka, Bibi alikuwa jikoni, na mezani kulikuwa na shati la zamani la kaki, kofia pana ya bustani, kamba, na rundo la nyasi kavu alizozikusanya kando ya uzio.

"Njoo hapa, fundi," alisema. Macho yalikuwa mekundu, sauti ilikuwa yake. "Mama yako hatavaa nguo ya kaburini. Atavaa kitu cha kutisha ndege. Huko kwetu yeye ndiye aliyewinga ndege kwenye mtama, alikuwa mdogo kuliko wewe. Ndege wa kilima kizima walimjua."

"Mama, hayo ya zamani," alisema Mama mlangoni.

"Wewe vaa."

Tulimfanya sanamu ya shambani. Nyasi zikatoka mikononi na shingoni, nikamshonea viraka vya kitenge magotini kwa mishono mikubwa iliyopinda, kwa sababu hapakuwa na muda. Kila nilipotaka kufumua, Bibi alinipiga kofi dogo la mkono. "Acha. Ndege hawakagui mshono." Uso wa Mama ulibaki wazi kabisa. Kabla hajatoka, Bibi alimwambia apige ule ukelele wa kufukuza ndege. Mama alikataa, akaona haya, halafu akaupiga, ukelele mrefu uliopanda na kukatika ghafla, na ndege wote wa kwenye mjakaranda wakaruka kwa mpigo mmoja.

Nilikaa darasani siku nzima nikiwaza ya kazini kwa Mama. Niliona nyasi zikidondoka kwenye uji wa wazee. Niliona menija akikunja uso. Jioni jirani aliingia akiwa bado na mkia wake, akaanza kusimulia kabla Mama hajamaliza kuvua kofia. Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa zamani, ambaye hakuwa amesema neno kwa wiki kadhaa. Alimtazama Mama muda mrefu, kisha akamuuliza anachunga shamba la nani.

"Na huyu," alisema jirani, akimsukuma Mama begani, "akamjibu, la mama yangu! Na ule mlio wake! Chumba chote kilitaka arudie. Menija mwenyewe alijaribu, akatoa sauti ya kuku."

Bibi alimpakulia Mama kwanza, sahani iliyojaa kuliko zetu.

Simu iliendelea kulia, na shifti za kudumu zilikuja mwaka uliofuata. Kwa muda mrefu nilijipa sifa hiyo. Ukweli ni kwamba Mama alizipata kwa kuwageuza wazee vitandani bila kuwaumiza, na nguo yangu haikuwa na neno hapo.

Nyumba ile ya matofali imebomolewa, wamejenga mbili za ghorofa mahali pake, na mjakaranda wa jirani nao umekatwa. Jirani alihamia Perth. Dada ana mtoto, na sasa yeye ndiye anayemwambia mtoto ajibu kwa Kiswahili. Bibi alifariki majira ya baridi yaliyopita. Tulimvika imvutano yake ya harusini, ile nguo ya Kirundi inayofungwa juu ya bega moja, na Mama akaniomba nishone shuka jeupe la kumfunika ndani ya jeneza. Nililipiga pindo tu. Sikufunga fundo lolote. Mahali pamoja mshono ulipinda, nikauona, nikauacha.

Siku hizi naishi kwa cherehani, na kila Oktoba wanawake na wasichana huja kwangu na mashuka na miavuli yao. Bado naogopa. Lakini kwanza namvika mtu, namwambia aweke kidole mahali macho yake yalipo, ndipo nachukua mkasi.