Vinkubala Ambavyo Mama Hakuviombea

Sisi tuliokulia Katuba wakati wa Zaire, tukiimba na kucheza kusifu chama kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, tulizingojea mvua za kwanza kwa ajili ya vinkubala, viwavi wa kuliwa. Mtoto wa leo akiona kiwavi kwenye jani hupiga kelele, halafu hupiga picha. Sisi tulimkimbilia na ndoo.

Msituni mama alikuwa na sharti lake: tupande mti, tuchume vinkubala vya matawi ya chini na ya katikati, vya kileleni tuviache. "Ya juu iko ya Mungu," alisema. "Njo mbegu ya mwaka kesho." Alikuwa mtu wa kanisa. Aliombea hata bukari, ugali wetu, kwa chumvi, macho kayafumba, sisi tunameza mate.

Mwaka mmoja nilikwenda bila yeye, na rafiki yangu Ilunga na shoka la tata, baba yangu. Tukakuta mti mkubwa uliojaa vinkubala. Ukisimama chini yake ulisikia vinavyotafuna, kama manyunyu. Nikaanza kupanda.

"We, kupanda iko kazi ya nyani!" Ilunga akanicheka. "Mwanaume anakata."

Nikakata. Tulijaza ndoo mbili, tukarudi tunaimba.

Mama alivikaanga kwa nyanya na pilipili, nyumba nzima ikanukia. Tulipokaa kuzunguka sahani, akauliza nilivyopata vingi hivyo. Nikajisifu: "Tuliangusha muti, mama."

Mikono aliyokwisha kuikunja kwa sala ikafunguka. "Hii sitaiombea. Tutamwambia Mungu aksanti namna gani, na muti yake iko chini?"

Tata, aliyetoka mgodini na njaa, akajaribu mwenyewe: "Bwana, tunakushukuru kwa..." Akakwama. Akasogeza sahani kando, tukala bukari kwa chumvi. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

Ningependa kusema niliacha kukata. Nilipooa nilichoma miti kuwa makala, makaa ya kuuza, miaka mingi, kama wenzangu wengi, na mama alikuwa amekwisha kufa. Msitu ule tuliumaliza sisi, si vijana hawa tunaowacheka.

Siku hizi vinkubala vinatoka mbali, vimekaushwa, vinapimwa kwa kikombe sokoni. Juzi mjukuu wangu aliuliza, "Kambo, binatokaka ku muti gani?" Nikamshika mkono, tukatoka nikamwonyeshe. Tulitembea tukitafuta mahali nyumba zinapokwisha, mpaka miguu yake ikachoka, nikambeba mgongoni kumrudisha.