Zaatari Haikai Debeni

Nikisugua jani la zaatari, kile kiungo cha Waarabu, kati ya vidole, ile harufu yake kali, kama limau na vumbi lililonyeshewa, hunirudisha mtaa wa Fairfield, tulikopokelewa ukimbizini, kwenye uzio wa mbao uliotutenga na Siti. Ndivyo wajukuu wake walivyomwita, yaani bibi kwa Kiarabu cha Palestina, na sisi watoto wa Kikongo wa nyumba ya pili tukafuata.

Zaatari yake aliipanda ardhini, kando ya uzio. Aliikausha juu ya shuka, akaisaga na ufuta, akatupakia kwenye mkate na mafuta ya zeituni mpaka viwiko vikang'aa.

Siku moja wakala wa mwenye nyumba yake akaja kukagua. Akasema hayo magugu yang'olewe, nyasi zirudi. Magugu! Mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Mimi, mwenye miaka minane na akili nyingi, nikachukua debe tupu la mafuta, nikalisugua, nikampelekea.

"Siti, panda humu. Hatasema kitu."

Alilitazama kama nimemletea nyoka. "Hapana. Rudisha."

Nikarudi nalia, nikamwambia mama kwa Kiingereza kwamba yule bibi hana adabu.

"Nyamaza wewe," mama akasema, anachuma lengalenga zake, mchicha wa kwetu. Kisha akaliona. "Debe? Umempelekea debe?"

Akaweka beseni chini, akaenda kwenye uzio, akamwita Siti kwa jina la mwanawe. "Mama Nabili! Huku kwetu hakuna anayekagua bustani. Ilete."

Wakang'oa ubao mmoja. Siti akapita kiubavu, amebeba zaatari na udongo wake ndani ya kitenge cha mama. Wakaipanda katikati ya lengalenga. Tangu hapo alipita pale kila asubuhi, akaimwagilia kwanza, ndipo akatusalimu sisi watu.

Nilishakuwa mkubwa Siti aliponisimulia kwa nini alilikataa debe. Kambini Lebanoni, mama yake aliotesha zaatari ya kijijini kwao ndani ya debe la mafuta, maana walikuwa wanarudi nyumbani karibuni tu. Akazeeka. Akafa. Debe likaliwa na kutu, zaatari bado imo. Mama yangu hakuhitaji kuambiwa. Kambini Nyarugusu naye aliishi miaka kama mtu anayeondoka kesho.

Sasa nina binti, na chipukizi la zaatari ile ile limeota hapa Doonside, mbele ya mlango wa nyumba tunayopanga. Juzi mkaguzi wa nyumba akauliza kwa nini nisiihamishie kwenye ndoo. Nikamwambia hii ikitoka ardhini, itakuwa inarudi kwao.